Filimbi Iliyokaa kwa Bi Somoe

Vijana mliochukua nafasi zetu, mmeniomba niwaandikie machache juu ya kusimamia watu kazini, kwa kuwa nimestaafu na mnadhani nina nafasi. Nafasi ninayo. Cheo nilichoanza nacho na kile nilichomalizia nacho havina maana humu, na mshahara nauacha upumzike, kwa heshima tunayowapa marehemu. Nitaandika juu ya kina mama wa chumba cha kuchagulia korosho, ambao ndio walionifundisha kazi, na juu ya filimbi moja ambayo niliivaa shingoni kwa muda usiotosha kunywa chai.

Najua siku hizi mnapelekwa semina. Mnarudi na mafaili mapya mkizungumzia kupanga kazi, kugawa madaraka, kusikiliza na kusuluhisha ugomvi. Yote hayo ni kweli na mimi siyapingi. Ila sijahudhuria semina hata moja iliyonieleza swali la kwanza ambalo msimamizi anayehamia mahali pageni anapaswa kuuliza kabla hajavua koti: hapa watani wangu ni akina nani?

Mimi ni Mngoni wa Songea. Nilifika Mtwara miaka ile ya ujamaa, na sanduku la bati na cheti kilichosema ninaweza kuongoza watu. Nikapangiwa chumba cha kuchagulia katika kiwanda cha korosho kilichokuwa nje kidogo ya mji, ukielekea Mikindani. Kwa wale ambao hawajawahi kuona kazi hiyo, korosho hukaangwa, hubanguliwa, hukaushwa, huvuliwa ngozi yake nyembamba, kisha ndiyo huletwa kwenye meza ndefu kando ya madirisha. Hapo kina mama huzichagua kwa macho na vidole: nyeupe nzima upande huu, zilizovunjika upande huu, zilizoungua kule. Wengi wao walikuwa wameanzia kwenye kubangua, ambako mafuta ya ganda huchoma ngozi hata ukijipaka majivu na mafuta ya mbarika, kwa hiyo viganja vyao vilikuwa na madoa meusi yasiyotoka. Walikuwa wajane, walioachika, na wengine wenye waume ambao hawakuwa na tofauti kubwa na kutokuwepo.

Msimamizi niliyempokea alikuwa Mzee Athumani wa Mikindani, mtu mfupi mwenye sauti ya adhana. Alikuwa wa zamani kiasi kwamba watu bado walimwita nyapara, na aliitika. Alinikabidhi kiti, msumari wa kutundikia kofia, na filimbi ya bati yenye kamba ya katani.

“Hii nimeikuta, nami nakuachia,” alisema. “Ukiipoteza, stoo hakuna nyingine.”

Hakuniuliza kabila langu. Angeuliza, nadhani angeondoka nayo.

Nikaingia chumbani, nikajitambulisha kwa jina la Haule, nikapuliza filimbi ya kuanza kazi. Hakuna aliyeinuka. Mwanamke mmoja aliyekaa kwenye mkeka karibu na meza ya kwanza, mnene, mwenye chale za Kimakonde mashavuni na kanga iliyofungwa kwa mkazo wa mtu anayetaka kupigana, alinitazama kuanzia viatu. Huyo alikuwa Bi Somoe wa mtaa wa Chuno.

“Haule,” alisema. “Haule wa wapi?”

“Wa Songea.”

“Ngoni?”

“Mngoni.”

Chumba kizima kikalipuka kwa vigelegele. Bi Somoe aliinuka taratibu, akanijia, akanyoosha mkono akaitoa filimbi shingoni mwangu, akaipitisha shingoni mwake na kuitumbukiza kifuani, mahali ambapo mwanamume mwenye akili hafuati kitu.

“Babu zako walipita kwetu wakachukua mbuzi, wakachukua mahindi, wakachukua na shangazi zetu,” alisema. “Mimi leo nachukua hiki kidude tu. Nimekuhurumia, ntani wangu.”

Mimi nilikulia misheni, nikasomeshwa bwenini na mapadri. Utani nilikuwa nimeusikia kwa wazee, lakini nilidhani ni jambo la kijijini, halina ruhusa ya kuingia kiwandani. Nikaenda moja kwa moja kwa Meneja kushtaki.

Meneja wetu alikuwa Mhaya wa Bukoba, mtu msafi, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alisikiliza akakunja uso. Kwa maoni yake mali ya umma ilikuwa imeibwa mchana kweupe, na mwizi alikuwa anajulikana hadi mahali alipoificha. Shauri likapelekwa kwenye kamati ya wafanyakazi. Mjue kwamba siku zile kamati haikuwa pambo. Kiongozi mwenye kiburi aliweza kukuta lango limefungwa na wafanyakazi wake wamekaa juu ya kufuli.

Mwenyekiti wa kamati, Mmakua mwenye kikohozi, aliniuliza maswali mawili tu.

“Ulimwambia kabila lako?”

“Nilimwambia.”

“Kwa mdomo wako mwenyewe, hukulazimishwa?”

“Sikulazimishwa.”

“Basi ulimpa,” alisema Mwenyekiti. Akawageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kama wanamwona mtu aliyeacha mlango wazi akalalamikia upepo. Kisha wakanitoza kuku mmoja. Mtani unaweza kumwita mchawi, mlafi au kizee kisichokufa, lakini kumpeleka shaurini kwamba ni mwizi ni tusi ambalo utani haulibebi. Meneja aliuliza kama kuna kifungu cha sheria. Mwenyekiti akamwambia kipo, ila hakijaandikwa. Kuku aliliwa chumba cha kuchagulia, wakati wa mapumziko, na mimi nikapewa shingo.

Tangu hapo filimbi ilikaa kwa Bi Somoe, na yeye ndiye aliyeipuliza asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa akiangalia jua lilipofika kwenye ukingo wa dirisha, na alikuwa sahihi kuliko saa ya ofisini, ambayo ilisimama kabla sijafika na ilikuwa inasubiri kipuri. Baadaye nilifundishwa kwamba jambo hilo linaitwa kugawa madaraka. Mimi kwa wakati ule nililiita kunyang'anywa.

Ilinichukua muda kujua jinsi ya kusema nao. Mwanzoni nilikuwa naomba. “Jamani, naomba tumalize meza hizi mbili kabla ya chakula,” nasema, nao wanaanguka wakicheka. “Ngoni anaomba! Ngoni tangu lini wakaomba?” Kazi inalala hapo. Siku moja nikachoka, hasira zikanipanda, nikasema, “Basi kaeni. Nitaita Wangoni wanne kutoka Songea waje wamalize kazi hii huku wakisinzia. Mmakonde nitamwambia nini, akiona korosho yeye anawaza uraka tu.” Uraka ni pombe ya mabibo, na nilikuwa nimekusudia kutukana kwelikweli.  Kisha Bi Somoe akasema, “Haya, sasa amezungumza ntu,” na meza zote mbili zikaisha kabla ya chakula. Tangu hapo nikawa natukana kila asubuhi, kwa mpango, na kina mama wakawa wanajibu kwa mpango huohuo, na kazi ikawa inakwenda.

Niliokota na mengine. Niliona kwamba kasi ya chumba haiko mikononi, iko kooni. Anayeanzisha wimbo ndiye anayeweka mwendo, kwa hiyo msimamizi hana haja ya kumkemea mtu anayechelewa, achague tu nani aanze kuimba. Niliona pia kwamba wake wenza wawekwe meza moja, siyo mbalimbali kama nilivyodhani, maana wakiwa mbali kila mmoja husimamisha kazi kutazama mwenzake anafanya nini. Na anayekuja kazini huku amefura uso, usimuulize mbele ya watu. Mtume achukue ungo upande wa pili, mfuate, muulize huko.

Siku moja Meneja alipita dirishani akanisikia nikiwaambia kina mama kwamba hata panya wa Songea wanachagua haraka kuliko wao. Akaniandikia onyo, kwa kuwatukana wafanyakazi wakati nchi inajenga usawa. Hakuwa na ubaya, alikuwa tu ametoka kwenye ziwa ambako hakuna Mmakonde. Akanipeleka kozi ya usimamizi mjini. Mwalimu alichora ngazi ubaoni, akaandika HESHIMA juu kabisa, akasema msimamizi asipande hata kidato kimoja bila kuwa nayo. Niliandika yote.

Niliporudi nikafanya kama nilivyofundishwa. “Habari za asubuhi, ndugu wafanyakazi. Nawashukuru kwa juhudi zenu za jana.” Wakanitazama. Siku iliyofuata nikawaamkia tena hivyo, nikamsifu Bi Somoe kwa usafi wa meza yake. Akaweka ungo chini, akatoka nje, na nikawaona watatu wakinong'ona kwenye mlango wa choo. Wimbo ulikufa chumbani, na kazi ikawa inakwenda kwa mwendo wa kusindikiza jeneza.

Jumapili wakaja kwangu, mtaa wa Rahaleo, wamejitanda kanga, Bi Somoe mbele na beseni la mihogo kichwani. Walikaa mkekani bila kucheka.

“Tumekuja kukupa pole,” alisema Bi Somoe. “Nani amekufa Songea?”

“Hakuna aliyekufa.”

“Basi unaumwa.”

“Siumwi.”

“Mbona hututukani?”

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Badala ya kunitetea akasema, “Afadhali mmekuja. Na mimi nyumbani ananiita ndugu. Nilikuwa naogopa kuuliza.”

Nikawaeleza juu ya kozi, ngazi na ubao. Walisikiliza mpaka mwisho. Bi Somoe akatafuna kipande cha muhogo, akafikiri, akasema kwamba huyo mwalimu hakukosea, heshima ni kitu kizuri, ila kila mtu ana mahali anapoitunza, na wao ya kwangu walikuwa wameizoea pale ilipokuwa. Jumatatu nikaingia chumbani nikawaita mabibo yaliyooza. Wimbo ukaanza wenyewe.

Sasa nije kwenye mwaka wa njaa ya korosho. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, na mikorosho ikabaki kulekule ilipokuwa, maana mkorosho haujui kuhama. Mingine ikamezwa na pori. Kidogo kilichovunwa kilijazwa maghalani kusubiri meli, kipelekwe nje kikiwa ghafi, kikabanguliwe na watu wa mbali. Kiwandani kwetu mashine zikanyamaza moja moja. Zamu ya pili ikapumzishwa. Kisha Meneja akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwamba kutoka makao makuu kuna mkubwa anakuja kukagua. Chumba kitakachokutwa hakina kazi kitafungwa, na watu wake watarudishwa vijijini kulima.

Nilikuwa najua maana yake kwa majina. Bi Somoe hakuwa na kijiji cha kurudi. Alikuwa na chumba cha kupanga Chuno, binti aliyeachika aliyeitwa Zainabu, ambaye alifanya kazi meza ya pili, na wajukuu waliokuwa wakila kwa viganja vile vyenye madoa. Wengine walikuwa hivyohivyo. Kufunga chumba chetu kulikuwa ni kufunika sufuria za nusu ya Chuno.

“Tumebakiwa na gunia moja la korosho zilizobanguliwa,” alisema Meneja. “Wachague hizo.”

“Zitaisha kabla ya chai, bwana.”

“Zikiisha, zichanganye. Waanze upya.”

Ndivyo tulivyofanya. Asubuhi kina mama walichagua gunia lile, nzima huku, zilizovunjika huku, zilizoungua kule. Mchana nilichukua koleo la mbao nikazichanganya mbele ya macho yao. Wakachagua tena. Mimi nilisimamia kazi ile kwa uso mkavu, nikakagua, nikasema huyu kapitisha iliyoungua kwenye nyeupe, arudie. Katika maisha yangu yote ya kazi sijapata kuona watu wakifanya kazi bure kwa bidii namna ile. Waliogopa kwamba wakilegea mara moja, vidole vitasahau.

Lakini korosho si kokoto. Kila zilipopita mikononi zilipungua. Nzima ikawa nusu, nusu ikawa chenga, chenga ikawa unga. Halafu kulikuwa na utani. Mtani akichukua cha mtani wake haibi, na gunia lile, kwa kuwa lilikuwa chini ya usimamizi wangu, walilihesabu kuwa la Wangoni. “Ngoni, nimekula,” alisema mtu, akatia mdomoni. Ningewaambia nini? Nilishatozwa kuku mara moja. Mimi mwenyewe nilikula.

Ilifika mahali walizijua kwa sura. Ile yenye doa waliiita Meneja, kwa sababu ya zile kalamu. Iliyopinda waliiita mimi. Ikabaki moja tu nyeupe, nzima, kubwa, isiyo na mkwaruzo, ambayo hakuna aliyethubutu kuila. Hiyo waliiita Bibi Harusi. Kila asubuhi alitafutwa kwanza, akipatikana vigelegele vinapigwa, anawekwa peke yake kwenye kisahani juu ya ungo wa daraja la kwanza. Jioni nilimchanganya na wenzake kwa mkono, taratibu, siyo kwa koleo.

Siku moja kabla ya ukaguzi Meneja alikuja chumbani akiwa amepauka. Akatoa amri: mgeni akiingia, hakuna utani, hakuna kicheko, na filimbi iwe shingoni mwa msimamizi kama inavyotakiwa. Alipoondoka nikamwomba Bi Somoe filimbi.

“Ntani harudishi,” alisema. “Ukitaka, nizike kwanza.”

Nilikuwa nimeshazungumza na dereva aliyetangulia kuleta mizigo ya mgeni. Kwa kawaida dereva hujua mambo kuliko ratiba, nanyi vijana mkumbuke hilo. Nilimuuliza mkubwa huyo anapenda chakula gani, analala saa ngapi, kwao wapi. Akasema kwao ni Tunduru. Ni Myao. Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumpelekea Meneja habari hiyo, naye angeiandika kwenye karatasi. Nikaipeleka kwa Bi Somoe.

“Myao,” alirudia. Akafunga macho kidogo, na nilimwona akitabasamu kwa pembe moja ya mdomo. Wayao na Wamakonde ni watani wa kale, na deni lao halikuwa la mbuzi. “Wewe kesho simama tu hapo penye nsumari wa kofia. Usiseme neno.”

Nilitii. Nimesimamia watu miaka mingi, na uamuzi mgumu kuliko yote niliyofanya ulikuwa ule wa kusimama penye msumari.

Mgeni aliingia asubuhi, mrefu, suti ya mikono mifupi, kofia ya viua iliyofumwa vizuri, viatu vinavyong'aa. Meneja alimfuata nyuma akifuta kalamu. Kina mama walichagua bila kuinua macho. Chumba kilikuwa na nidhamu ya kutisha. Mgeni alipita meza ya kwanza akaingiza kidole kwenye chungu cha nzima, kikatoka na unga. Akapita meza ya pili, unga. Akamgeukia Meneja.

“Hawa wanachagua nini hapa?”

Meneja akachomoa kalamu ya pili.  Niliwatazama kina mama mmoja mmoja nikawaona wote wako barabarani na mizigo vichwani.

Mgeni akakiona kisahani. Wakaguzi wote wana tabia moja, wakiona kizuri kimoja wanakionja. Akachukua ile korosho kwa vidole viwili, akaigeuza mbele ya mwanga, akatia mdomoni, akatafuna.

Filimbi ikalia. Ililia kwa muda mrefu mpaka nikaziba sikio. Kina mama wote waliacha meza, wakakaa chini sakafuni, wakajifunika kanga vichwani, na kilio kikaanza.

“Kuna nini?” aliuliza mgeni, mdomo bado una chenga.

“Msiba, bwana nkubwa,” alisema Bi Somoe kutoka chini ya kanga. “Bibi Harusi wetu amefariki. Ameliwa.”

“Ameliwa na nani?”

“Na Myao. Tangu zamani Wayao mnatumalizia watu. Babu yako alimpeleka babu yangu pwani akambadilisha na kipande cha kaniki. Leo umekuja nwenyewe, hata kuuza hutaki, unatafuna.”

Meneja alishika ukuta. Mimi nilishika msumari. Nilimwona mgeni akihangaika ndani ya suti yake, mkubwa wa makao makuu anataka kutoka nje na mtoto wa Tunduru anataka kukaa.

“Mama, mimi nimekuja kikazi,” alisema.

“Na msiba umekukuta kazini. Vua viatu, msibani hatuingii na viatu.”

Akavua. Mpaka leo sijui kwa nini, nadhani hata yeye hakujua. Mtu yeyote aliyelelewa na bibi yake kusini angevua. Bi Somoe akavichukua viatu vile, akaviweka mapajani, akatangaza faini: lori la korosho ghafi.

“Nitazipata wapi?” mgeni aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshabadilika.

“Newala ghalani zimelala mpaka panya wamezaa wajukuu.”

“Hizo zinasubiri meli.”

“Na sisi tunasubiri nini?”

Hilo hakulisema kwa utani. Wengine waliacha kulia. Mgeni alitazama viganja vya Bi Somoe vilivyokuwa vimeshika viatu vyake, madoa yale, akatazama meza zenye unga, na nikajua ameelewa gunia zima lilivyokwenda. Kisha akakaa sakafuni, suti na yote.

“Babu yangu alipata hasara,” alisema. “Kaniki ile haikufidia hata chakula. Mmakonde aliyempeleka alikula njia nzima mpaka pwani.”

Kina mama wakapiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka, na mgeni akacheka huku akifuta machozi kwa kofia yake. Aliondoka kiwandani amevaa katambuga za Bi Somoe, za mpira wa tairi, zilizomzidi kwa upana na kumpungukia kwa urefu. Meneja alimsindikiza hadi garini bila kutazama chini.

Ahadi ya ofisi inasahaulika, naijua mimi niliyengoja kipuri cha saa. Faini ya utani haisahauliki. Lori lilikuja kabla wiki haijaisha. Dereva alikataa kufungua nyuma. Alisema ameagizwa asishushe hata gunia moja mpaka avione viatu, na kwamba soli zikiwa zimeliwa ageuze. Bi Somoe alivitoa, amevisugua kwa mafuta ya mbarika vinang'aa kuliko vilivyokuja, akavikabidhi na kudai katambuga zake. Mashine zikawashwa. Chumba hakikufungwa.

Jioni ile Meneja aliniita ofisini.

“Haule, mimi nina mtani hapa?”

“Huna, bwana. Watu wa Bukoba na wa huku hawajawahi kukutana.”

“Naweza kupata?”

Nikamfikishia Bi Somoe ombi hilo. Akalifikiria kwa haki. Akasema utani hauanzi bila kosa, kwa hiyo Meneja akatafute kwanza wazee wake waliwakosea nini Wamakonde, akikipata arudi. Nilimwona Meneja siku kadhaa akitembea uani, mikono nyuma, akitafuta kosa.

Bi Somoe alikufa misimu michache baadaye, homa ya muda mfupi, wakati korosho zikiwa zimejaa mezani. Nilikwenda Chuno asubuhi. Kina mama wote wa chumba chetu walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka, na waliponiona wakaanza kunitazama kwa namna niliyoifahamu. Mtani halii msibani. Mtani ana kazi yake.

Basi nikaifanya. Nikaingia uani nikasema kwa sauti, “Kizee hiki kimelala saa hizi na zamu haijaisha?” Waliokuwa wakilia wakacheka katikati ya kilio. Jeneza lilipotolewa ndani, nikalala chini kifudifudi mlangoni, nikazuia njia, nikasema haendi mtu makaburini mpaka nirudishiwe filimbi yangu. Sheikh alitazama jua, akaniacha, kwa kuwa naye ni mtu wa huku. Waliobeba wakasimama. Zainabu akaingia chumbani, akatoka na filimbi ya bati, kamba ya katani imekuwa nyeusi kwa jasho, akanivika shingoni pale chini nilipolala.

Nikainuka, nikapisha. Nilikuwa nimeandaa maneno zaidi, tusi zuri ambalo nililitunga njiani kutoka Rahaleo, lakini lilikataa kutoka. Kwa kuwa watu walikuwa wakinisubiri na sikuwa na kitu kingine, nikaweka filimbi mdomoni nikapuliza.

Kina mama wakainuka wote kutoka mikekani. Walikaza kanga viunoni, wakajipanga kama wanavyojipanga mezani, Zainabu mbele mahali pa mama yake, wakanitazama wakingoja niwaambie kazi gani. Kwa miaka yote ile ndiyo mara pekee nilipopuliza filimbi nikatiiwa, na sikuwa na kazi ya kuwapa. Nikalia mbele yao, mtani mzima, na hakuna aliyenitoza kuku.